Kumuaga Obedi, Mtunza Mawazo Yetu

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Bi Sheetal, binti wa Mzee Natvarlal, ambaye mashine za familia yake ndizo zinazotuchapia vitabu. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wanachama wa Kikundi cha Waandishi Mkolani, na ninyi wageni waalikwa ambao wengine siwafahamu, na nitauliza baadaye mmeletwa na nani: karibuni nyote.

Mheshimiwa, nimeona umekuja na daftari na kalamu. Nakuheshimu sana, lakini tukifika kwenye mambo ya mawazo nitaomba ulifunge. Msinicheke. Mimi Paskazia, mwenyekiti wa kikundi hiki, nimekagua pamba miaka ishirini na sita, naingiza mkono mpaka begani katika furushi la mkulima nikitafuta mchanga na maji yaliyoongezwa ili mzani uzidi. Nimestaafu kazi, ila mkono haujastaafu.

Leo tunamuaga katibu wetu, Ndugu Obedi, anayerudi Kisesa kwenye ng'ombe wake baada ya kutuandikia kumbukumbu miaka tisa. Kwa faida ya wageni, nieleze tunavyofanya. Jumamosi ya pili ya kila mwezi hatusomi kazi zilizokamilika, tunaleta mawazo ya kazi zijazo. Kila mwanachama analeta mawili, moja la kubuni na moja la kweli. Analisema kwa sauti, wenzake wanauliza, na katibu anaandika kwenye kauntabuku nani kasema nini na kaulizwa nini. Kikao kinachofuata, mwenyekiti anathibitisha kumbukumbu kwa sahihi yake. Hivyo ndivyo mwenzetu Yeremia alivyopata kitabu chake kuhusu maneno yanayoandikwa kwenye mabasi ya Nyegezi. Mimi nami nina riwaya, ambayo Bi Sheetal anatarajia kuanza kuichapa Jumatatu. Hiyo sikuwahi kuileta mezani, kwa kuogopa kuibiwa.

Obedi huyu, jamani, nilimshuku tangu mwaka wa kwanza. Mtu anayeandika mawazo ya watu kumi na wanne, na yeye mwenyewe haleti hata moja, si ana lake jambo? Kila nikimuuliza, ananijibu kwamba ng'ombe hawamwachii nafasi ya kuwaza. Nilihesabu kurasa za kauntabuku mara mbili bila yeye kujua. Obedi, ulijua? Naona unacheka, kumbe ulijua. Nikapiga marufuku simu mezani. Ikafika mahali watu wanaleta nusu ya wazo, mwisho wake wanauficha kwa kumwogopa aliyekaa kiti cha pili, na mimi, badala ya kuwakemea, nikafurahi kwamba wameanza kuwa waangalifu. Niwaulize, kikundi cha namna hiyo kitazaa kitabu gani?

Mwezi Machi, mdogo wangu Dorcas, aliyekaa pale karibu na mlango, na ambaye sikutegemea kama angekuja, alitusomea sura ya kwanza ya hadithi yake. Ilikuwa habari ya mjane wa hapahapa Mkolani. Nyuma ya nyumba yake kuna jiwe kubwa, wagonga kokoto wanalitaka, yeye anakataa. Kila Jumapili akitoka kanisani, anapima ufa wa jiwe lile kwa uzi. Mjane alikuwa wangu, jiwe langu, ufa wangu, uzi wangu, na kurasa mia mbili na kumi za riwaya yangu zilikuwa kabatini kwangu. Na nani alikuwa akiingia chumbani kwangu nilipougua mgongo, kunipaka dawa, kama si Dorcas? Nikasimama mbele ya wote nikasema kikulacho ki nguoni mwako, nikamwita mwizi.

Hakupiga kelele. Alikunja karatasi zake, akaniambia, "Mwenyekiti, angalia kauntabuku," akatoka. Miezi saba hajakanyaga vikao vyetu. Ameacha hata kwaya, kwa sababu watu wa kwaya ndio haohao watu wa kikundi.

Sikuangalia. Kauntabuku ilikuwa mikononi mwa Obedi, na Obedi ni mtu wa Kisesa, kama alivyo mume wa Dorcas, nikasema hapa wamepanga. Nanyi wengine mlinyamaza. Labda mlikuwa mmesahau, labda mliniogopa. Sijui lipi ni baya zaidi.

Alhamisi iliyopita Obedi alinikabidhi kauntabuku, kama katiba yetu inavyotaka. Niliisoma ukurasa kwa ukurasa, na nisiwafiche, nilikuwa natafuta kosa lake nilitaje hapa leo. Nikafika kikao cha Septemba mwaka juzi. Nawasomea kama ilivyo:

"Dorcas, wazo la kubuni: mjane wa Mkolani anakataa jiwe lake lisipasuliwe. Anapima ufa kwa uzi. Mwenyekiti aliuliza uzi ni wa rangi gani. Dorcas alijibu: mwekundu, umefumuliwa kwenye sweta la marehemu mume wake. Mwenyekiti hakuwa na wazo siku hiyo."

Nilikagua wino. Nililowesha kidole nikasugua. Nilitazama kama ukurasa umebandikwa. Nilifanya yote niliyokuwa nikimfanyia mkulima mwongo, na chini kabisa nikakuta sahihi yangu, ile yenye mkia mrefu. Nilikuwa nimethibitisha bila kusoma, kama nilivyozoea, kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Na katika riwaya yangu, ndugu zangu, uzi ni mwekundu, na umetoka kwenye sweta.

Sikukusudia kuiba. Nilisikia, nikasahau kwamba nilisikia, na baada ya miezi kadhaa likanijia nikiwa nafua nguo, nikadhani ni langu. Lakini mkulima aliyeniambia kwamba mchanga umejiingilia wenyewe kwenye pamba yake, nilimwamini lini? Naona aibu kubwa. Msinipe pole, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Ndugu Obedi, haya uliyajua tangu Machi. Juzi nilikuuliza kwa nini hukuniambia, ukajibu kwamba kazi ya katibu ni kuandika, na anayetakiwa kusoma ni mwenyekiti. Kwa jibu hilo nakusifu na nakulaumu kwa pamoja. Miezi saba ni mingi mno kumwacha mtu aitwe mwizi. Hata hivyo, katika miaka tisa hukuongeza neno wala hukupunguza, na mimi niliyekuchunguza ndiye shahidi wako. Tunakushukuru, na ng'ombe wakupe maziwa.

Bi Sheetal, nakuomba Jumatatu msiwashe mashine. Najua jalada limeshatengenezwa, na baba yako atanikasirikia. Nina miaka sitini na nane na sina kitabu kingine. Lakini hicho hakitoki kwa jina langu.

Dorcas, mbele ya watu walewale waliosikia nikikuita mwizi, nasema hukuiba. Nilikukosea, na ninakuomba msamaha. Jiwe ni lako. Kurasa zote mia mbili na kumi nimekuja nazo, ziko kwenye mfuko huu hapa mezani. Uzitumie, uzichome, uwafungie watu vitumbua, ni juu yako.

Naona umesimama, na kutoka hapa nilipo siwezi kujua kama unakuja huku au unaondoka. Ninyi mliokaa njiani, sogezeni viti apite. Mimi nimemaliza yangu. Asanteni kwa kunisikiliza.