Mwanafunzi wa Sita wa Mwalimu Khairunisa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Khairunisa anastaafu baada ya kufundisha filamu katika kidato cha tano na cha sita cha chuo chetu hapa Al Barsha, Dubai, kwa miaka kumi na tisa. Kamati ya jarida imeniomba mimi, fundi wa maabara ya kemia, niandike wasifu wake, kwa kuwa ndimi mtumishi pekee niliyewahi kuwa mwanafunzi wake nikiwa kazini. Wangeangalia kwanza matokeo yangu, wangemwomba mtu mwingine.

Mwalimu ni mzaliwa wa Mombasa, na alikuja Dubai kufundisha Kiingereza. Alipoanzisha somo la filamu, wazazi wengi walidhani ni jina jipya la mapumziko. Baba mmoja alimuuliza kwa adabu zote, "Madam, mtoto akitazama nyumbani si ni yale yale?" Mwalimu akamkaribisha akae kipindi kizima, wakachambua tukio moja la mtu anayefungua mlango. Mzee yule alitoka amechoka, na kazi ya nyumbani mkononi.

Miaka tisa iliyopita chuo kiliweka kanuni kwamba somo lisilofikisha wanafunzi sita lifutwe. Filamu ilipata watano. Somo likifutwa, kazi ya mwalimu imekwisha, na kazi ikiisha, viza nayo imekwisha. Binti yake, Hilwa, alikuwa bado shuleni hapa. Mwalimu alikuja maabara kuazima gundi, akasema tu, "Khalas, Gervas, narudi kwetu." Nikamwambia aniandike mimi niwe wa sita. Mdomo uliponza kichwa.

Mkuu wa chuo aliisoma kanuni mara mbili. Ilitaja idadi, haikutaja umri. Akakubali kwa sharti kwamba nisome hadi mwisho na nifaulu, la sivyo somo lifungwe moja kwa moja. Kwa hiyo riziki ya mwanamke mwenye shahada mbili ikategemea mtu wa miaka arobaini na moja ambaye taa zikizimwa tu, naye anazimika.

Insha yangu ya kwanza niliiandika kama ripoti ya maabara: lengo, vifaa, utaratibu, matokeo. Niliandika kwamba mwigizaji aliwekwa kwenye mwanga hafifu, na baada ya muda mfupi akatoa machozi. Mwalimu aliirudisha na maneno haya pembeni: "Gervas, huyu ni mama aliyefiwa." Niliona haya, kisha nikaandika nyingine, nayo ikawa mbaya kwa namna tofauti. Hakunicheka mbele ya watoto hata siku moja, ingawa sababu nilimpa kila wiki.

Mtihani wa mwisho ulidai kila mmoja atengeneze filamu fupi. Yangu ilihusu mtu anayefungasha mizigo arudi kwao, na niliipigia katika chumba chetu cha Al Nahda tunamoishi wanaume sita wa zamu tofauti. Sufyan, mhudumu wa mgahawa Al Rigga, ndiye aliyeigiza. Shida ilikuwa Isaiah, mlinzi wa usiku, ambaye hulala mchana na hakukubali kuhama. "Boss, mimi niko na duty jioni," alisema. "Yalla, shoot tu, lakini mnong'one." Tukanong'ona. Kila tukio lina blanketi nyuma, na miguu miwili imechomoza. Pale palipokusudiwa kuwa na huzuni zaidi, Isaiah akakoroma.

Nilimpelekea Mwalimu nikiwa nimekwisha kukata tamaa. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akairudia tena tangu mwanzo. "Usimguse huyo aliyelala," alisema. Mtahini naye aliandika kwamba mtu aliyelala ndiye moyo wa filamu hiyo. Kuhusu mwongozaji hakuandika kitu. Nilipata C, na Isaiah mpaka leo husema alama ile ni yake.

Somo likabaki, naye akabaki. Hilwa alimaliza shule. Rumaisa, aliyekuwa akiketi karibu nami darasani na kuniamsha kwa kiwiko, amerudi akiwa mwalimu, na ndiye anayempokea Mwalimu kijiti.

Hata hivyo mwezi huu Mwalimu hakuwa na raha. Alihofu kwamba akiondoka yeye, somo nalo litamfuata. Wiki iliyopita, siku ya mwisho ya kujiandikisha, nilikwenda ofisini kuuliza kama panahitajika mtu wa kujazia. Fridah, karani wetu, alinitazama kwa huruma, akasema darasa limejaa na wapo wanaosubiri nafasi. Nikiri kwamba iliniuma kidogo. Nilimkuta Mwalimu akipanga vitabu kwenye maboksi, nikampa habari. Aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi, akalia, nami sikuandika ripoti.

Kwa niaba ya watumishi wote, nakushukuru kwa subira yako. Mungu akupe siha, na akujalie uzee wa raha Mombasa. Darasa limejaa, Mwalimu. Sasa unaweza kurudi kwenu.