Maua Saba ya Mwalimu Karadzhova

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Shule ya Msingi ya Dolna Lipa, Mwalimu Snezhana Karadzhova anastaafu.

Alianza kwa kufundisha kusoma na hesabu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa shuleni, ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya bibi, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Yeye ndiye aliyekiondoa kitambaa.

Kisha akaanzisha kipindi alichokiita “Nani Kaifundisha Mashine?” Watoto wa darasa la tatu walimwalika mtu na kazi yake: msimamizi wa ishara za reli, fundi wa taa za jukwaani, mpishi wa kiwanda cha jibini. Mgeni akishaeleza, watoto walimsaka aliyeandika programu inayoendesha mashine zake. Ndivyo walivyojua mapema kwamba mwandishi wa programu si lazima akae ofisini katika mji mkuu, Sofia. Anaweza kunuka jibini. Mwaka mmoja Mwalimu alimwalika mfugaji nyuki, akasahau kumwambia awaache nyuki nyumbani. Somo lile liliishia uani.

Lakini miaka mitatu iliyopita kipindi hiki kilikaribia kufa. Mkuu wa shule, Bwana Hadzhiev, alitaka muda wake utumike kwa mazoezi ya mitihani, na uamuzi ulikuwa wa wazazi. Mwalimu aliomba jambo moja tu: waje kwanza waone somo, kisha wapige kura. Alichagua tarehe 8 Machi, siku ya kuwapa akina mama maua.

Pamoja na Yordanka, fundi wa programu za mashine katika kitalu nyumba cha waridi, watoto walikuwa wameunda mashine ndogo ya kuhesabu maua na kuyafunga. Shada la kwanza lilitolewa kwa heshima zote kwa Bibi Stoyanka, ambaye mjukuu wake Radoslava ndiye aliyeandika programu. Bibi akahesabu. Akahesabu tena.

“Manane! Jamani, mnanizika ningali hai?”

Kila mtu hapa anajua kwamba maua ya namba shufwa hupelekwa makaburini, na ya witiri hupewa walio hai. Mashada yote yalikuwa ya manane. Mama mmoja alijifanya analia. Baba mmoja akamuuliza Bwana Hadzhiev kama mazishi ni ya kipindi. Yordanka alinyoosha mkono airekebishe mashine.

“Acha, dada,” Mwalimu alimwambia. “Wenyewe wapo.”

Radoslava, masikio yakimwaka, akasimama mbele ya ukumbi mzima.

“Tuliiambia ifike saba, bibi. Ila inaanza na sifuri. Na ile sifuri nayo inatoa ua.”

“Basi iambie ianze na moja, mwanangu, nirudi duniani!”

Akaiambia. Mashine ikanguruma, ikatoa shada lingine, na ukumbi mzima ukahesabu kwa sauti: moja, mbili, mpaka saba. Ikasimama. Makofi yalisikika hadi kituo cha basi. Yordanka akawaambia wazazi kwamba kosa hilo hilo alilifanya kazini juma lake la kwanza, na hiyo ndiyo kazi yenyewe: kukosea, kutafuta, kurekebisha. Kura zilipopigwa, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Bibi Stoyanka, na wa mwisho wa Bwana Hadzhiev. Hakuna uliobaki chini.

Kipindi kipo mpaka leo, na sasa hata darasa la pili wanakidai.

Mwalimu, asante kwa kutuachia makosa yetu tuyarekebishe wenyewe. Shada utakalopewa leo limefungwa na mashine ile ile: ua moja kwa kila mwaka wako, thelathini na moja. Bibi Stoyanka ameshayahesabu na kuyapitisha. Ungestaafu mwaka jana, tungekuwa na tatizo.

Nenda ukapumzike kwa furaha na afya tele. Miaka yako ijayo iwe mingi, na iwe witiri.

Kalina Vezenkova, mwanafunzi wako wa zamani