Mzee Bado, Mkuu wa Stesheni Aliyetusubiri

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mkuu wa mwisho wa stesheni yetu ndogo ya reli, ile iliyofungwa. Wengi mlimwita Mzee Bado. Amefariki wiki hii nyumbani kwake, mkewe akiwa kando yake.

Jina hilo alipewa na madereva wa treni. Reli yetu ilikuwa ya njia moja tu, na dereva hakuruhusiwa kuondoka mpaka mkuu wa stesheni amkabidhi pete ya chuma, kubwa kama usukani. Bila pete, hakuna safari. Basi dereva anachungulia dirishani: "Tuondoke, mzee?" Naye, macho yakiwa kwenye njia ya kilimani, anajibu, "Bado." Ameshaona mtu anakuja mbio na mzigo kichwani.

Asubuhi moja alimwona mama muuza nyanya akihangaika na matenga mawili. Mzee Bado akaitundika pete begani, akapanda kilima kwenda kumpokea tenga moja. Treni nzima imesimama, honi inalia, na ruhusa ya kuondoka iko huko juu inabeba nyanya. Dereva alipoipata pete yake alikuwa amevimba kwa hasira. Mama akampa nyanya mbili dirishani, hasira zikamwisha.

Wakubwa wa reli hawakucheka. Walimwonya. Aliomba radhi, na haukupita muda akachelewesha tena, safari hii kwa ajili ya baba aliyembeba mtoto mwenye homa kali. Mtoto alifika hospitali, akapona.

Kisha stesheni ikafungwa. Walisema abiria ni wachache, treni itapita bila kusimama. Lakini mmoja wao, akifunga chumba cha tiketi, alimwambia, "Na wewe na kuchelewesha kwako umechangia." Maneno hayo yalimkaa moyoni. Stesheni ilifungwa, na Mzee Bado aliamini ni yeye aliyeifunga.

Akaacha kwenda sokoni. Mkewe anasimulia: "Nikimtuma chumvi, anazunguka njia ya nyuma. Ananiambia, 'Mke wangu, wale watu wanatembea kwa miguu kwa sababu yangu. Nitawatazama vipi usoni?'"

Aliishi hivyo miaka mingi, wasikilizaji wapendwa. Miaka mingi, na sisi hatukujua. Tulidhani uzee umemfanya mkimya.

Alipoanza kuugua, mkewe akaona imetosha. Akaenda sokoni mwenyewe, akamweleza yule muuza nyanya, ambaye sasa naye ana wajukuu. Mama huyo alifunika meza yake palepale, akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Shemeji, nasikia unatukimbia."

"Nimewafungia stesheni."

"Hebu acha. Abiria tulikuwa wachache, nani hakujua? Kuna siku nilipanda peke yangu na matenga yangu. Wangefunga tu, hata treni ingewahi namna gani. Ila ilipokuwepo, mimi sikuachwa. Nimesomesha watoto kwa nyanya zile. Tukulaumu kwa lipi?"

Mzee alilia. Kisha akaomba shati lake, anataka kwenda sokoni. Wakamshika mikono, mke huku, muuza nyanya kule, wakapita njia ya mbele. Si mbali, lakini walichukua muda mrefu kufika, kwa sababu kila walipopiga hatua kuna aliyemsimamisha kumshukuru. Mkewe anasema siku hiyo alirudi akala chakula chote, akadai kingine.

Kwa mama mjane na watoto, poleni sana. Ahsanteni kwa kutuazima mzee wenu miaka yote ile. Nawe unayenisikiliza, kama yupo mtu aliyewahi kukusubiri wakati wengine wanataka kuondoka, mwendee leo umwambie. Mzee Bado aliambiwa akiwa anasikia. Ilibaki kidogo tu tuchelewe.