Mahari na Mahali: Miaka Thelathini ya Mzee Jotham Wekoye

Ijumaa tarehe 28 Juni 1957, saa kumi jioni, Mzee Jotham Wekoye, karani mkuu wa Ofisi ya Mwendesha Mashtaka, Kitale, atafunika kalamu yake na kustaafu, baada ya kuitumikia Serikali kwa miaka thelathini na siku hamsini na saba. Katika rasimu ya kwanza niliandika "miaka thelathini na siku kadhaa." Nilimpa aisome, akanirudishia ikiwa na mstari mwekundu chini ya "kadhaa" na swali pembeni: ngapi? Basi nimehesabu.

Wasiomjua wataanza kumjua hapo.

Aliajiriwa Jumatatu tarehe 2 Mei 1927, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne kutoka upande wa Bungoma, mwenye cheti cha shule ya misheni, suti moja na mwandiko ambao hadi leo sijaona mwingine wa kuulinganisha nao. Reli ilikuwa imefika Kitale mwaka mmoja tu kabla yake. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vya mabati nyuma ya korti, na mvua ikianza, shahidi aliyekuwa akiandikishwa alilazimika kupiga kelele kana kwamba ndiye mshtakiwa. Wekoye alipewa kazi ya kupanga mafaili. Baada ya miezi sita, faili iliyokuwa ikitafutwa nusu siku ilipatikana kabla ya anayeitaka kumaliza kusema jina lake.

Kazi ya ofisi hii wengi hawaielewi, hata majirani zetu wa idara ya kilimo wanaodhani tunafunga watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwendesha mashtaka husimama mbele ya hakimu. Nyuma yake wako makarani, wakalimani, wapiga taipu na matarishi, ambao wasipofanya kazi yao sawasawa shahidi haitwi, kielelezo kinapotea, na mtu anakaa rumande kwa sababu ya karatasi iliyoanguka nyuma ya kabati. Hao ndio Mzee Wekoye amewasimamia kwa miaka kumi na minane. Leo tuko kumi na mmoja. Ametufundisha, ametugombeza, na zaidi ya mmoja wetu amemwozesha pia.

Ukali wake unajulikana. Hakupenda kikombe cha chai kikae juu ya meza yenye faili, na tarishi Nyongesa atakwambia gharama ya kuweka kimoja. Lakini ni yeye huyo huyo aliyemtunza jogoo. Mwaka wa 1944 tuliletewa jogoo wa wizi awe kielelezo, na kesi ikaahirishwa wiki tatu. Mzee aliandika kwenye rejesta: "Jogoo mmoja, mzima." Kila asubuhi alimletea mahindi kutoka nyumbani kwa mkewe, mama yetu Rispah. Siku ya kesi alifungua rejesta tena, akaongeza kwa wino uleule, na sahihi yake kando: "na mnene." Hakimu alisoma hayo kwa sauti na korti nzima ikacheka, mshtakiwa akiwemo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila karani mpya husimuliwa wiki yake ya kwanza, na husimuliwa na Mzee mwenyewe, kwa sababu kosa lilikuwa lake.

Ilikuwa Agosti 1936. Mtu mmoja aliyeitwa Wabwile alikamatwa akiswaga mitamba mitatu kutoka shamba la Mzungu upande wa Naitiri, ambako baba mkwe wake alikuwa mfanyakazi na alifuga ng'ombe wake. Baba mkwe alipiga ripoti ya wizi. Ajabu ni kwamba Wabwile alikamatwa saa tano ya mchana, kwenye barabara kuu ya kwenda Bungoma, akisalimia kila aliyepita.

Siku hizo makarani wetu ndio walioandika maelezo ya washtakiwa, na kanuni ilitaka yatolewe kwa Kiswahili mbele ya askari. Wabwile alieleza kwamba mkewe aliondoka akarudi kwao, hawakuwa wamejaliwa mtoto, na kwa desturi ya Wabukusu alikuwa na haki ya kurudishiwa mifugo aliyotoa. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Ni kweli nilichukua ng'ombe, lakini ni ng'ombe ya mahari." Isipokuwa hakuyatamka hivyo. Sisi sote tunajua watu wa Bungoma wanavyozichezea L na R, na mimi Ngari, ambaye wazazi wangu walitoka Nyeri, sina la kujivunia, maana kwetu mji huu ni Kitare. Wabwile alisema "mahali." Wekoye, Mbukusu mwenzake, alimwelewa vizuri kabisa, akaandika alichosikia: "ng'ombe ya mahali." Watu wawili walielewana, karatasi peke yake ndiyo haikuelewa. Wabwile akatia dole gumba.

Karatasi ikaenda kwa Kipsang, mpiga taipu, aitafsiri kwa Kizungu. Kipsang aliona sentensi imepungukiwa. Kwa moyo mwema aliisaidia kidogo, akaongeza neno "pale." Kwa hiyo nakala iliyofika kwa mwendesha mashtaka ilisema kwamba mshtakiwa anakiri kuchukua ng'ombe wa mahali pale. Hapo hapakuwa na mke wala desturi, ila mwizi aliyekiri. Wizi wa mifugo wakati ule ulikuwa na kifungo kirefu, na Wabwile alikuwa asimame mbele ya hakimu Ijumaa asubuhi.

Alhamisi saa kumi, Wekoye akipitia mafaili ya kesho yake, alisoma nakala ile ya Kizungu. Alitoa maelezo ya asili akaona mwandiko wake mwenyewe, mzuri, ulionyooka, na L katikati ya neno.

Lazima mjue alikuwa na nini cha kupoteza. Karani mkuu wa wakati ule, Mhindi mmoja mpole, alikuwa anahamia Mombasa, na barua ya kumpandisha Wekoye kushika nafasi hiyo ilikuwa tayari imepigwa taipu. Angekuwa Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho katika ofisi yetu. Na karani aliyeharibu maelezo ya mshtakiwa alifukuzwa kazi, hakuulizwa mara mbili. Na Wekoye alikuwa na watoto wawili shuleni.

Njia ya mkato ilikuwepo. Kalamu alikuwa nayo, wino ulikuwa uleule, mkono uleule. Herufi moja tu angeigeuza, halafu aseme ni Kipsang aliyesoma vibaya. Nani angejua? Mzee hajawahi kutuficha kwamba aliifikiria njia hiyo. Husema aliifikiria kwa muda wa kuvuka chumba kwenda dirishani na kurudi. Lakini karatasi ilikwisha kutiwa dole gumba, na mtu akishatia dole gumba karatasi si yako tena. Akaichukua kama ilivyo, akabisha mlango wa mwendesha mashtaka.

Na hapo, wenzangu, ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Mwendesha mashtaka alikuwa Mzungu mrefu, mkali, aliyejifunza Kiswahili kizuri huko pwani. Wekoye alisimama mbele yake, akakaza sauti, akasema: "Bwana, hii kosa ni yangu. Huyu mtu alisema mahali, mimi nikaandika mahali."

Mzungu alimtazama. Akamwambia arudie. Wekoye akarudia, polepole zaidi, kwa nguvu zaidi, jasho likimtoka: yule alisema mahali, mimi nikaandika mahali. Mzungu akamuuliza kama amekunywa.

Mtu aliyekuja kujitoa mhanga alikuwa hawezi hata kulitamka kosa lake. Nasi tukisimuliwa hapo hucheka mpaka machozi, naye hucheka pamoja nasi. Siku ile hakucheka. Alikimbia akamwita Kipsang, kwa sababu Mnandi huzitenganisha L na R bila shida yoyote, akaandika maneno mawili kwenye kipande cha karatasi na kumwambia asome. Kipsang akasoma: mahari, mahali. Mwendesha mashtaka akachukua nakala ya Kizungu, akaisoma upya, akavua miwani.

Ijumaa asubuhi alisimama kortini akamweleza hakimu kwamba maelezo yaliandikwa vibaya na ofisi yake, na akaomba kuondoa mashtaka. Shauri likapelekwa kwa baraza la wazee, ambako lilistahili kuwa tangu mwanzo. Wabwile alitoka kwa miguu yake, akarudi Bungoma bila kujua vizuri alikuwa amenusurika nini.

Wekoye hakufukuzwa. Barua ya kumpandisha cheo ilichanwa, akapewa onyo la maandishi, na kiti kikakaliwa na karani aliyeletwa kutoka Eldoret. Alisubiri miaka mitatu. Mwaka wa 1939 mwendesha mashtaka yuleyule, akijiandaa kuondoka, alimwandikia barua nyingine, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya sentensi moja: huyu ni karani ambaye atanieleza kosa lake kabla sijaligundua.

Jambo la kwanza alilofanya alipokalia kile kiti ni kuanzisha kusomeana. Tangu hapo maelezo yoyote yaliyoandikwa na Mbukusu husomwa kwa sauti na Mnandi, ya Mnandi husomwa na Mkikuyu, mbele ya mwenye maneno, kabla ya dole gumba. Wanandi nao wana yao, usiombe Kipsang akuandikie "baba" na "papa" siku moja. Kila kabila hushika kosa la jirani, na kila mtu huzoea kuchekwa. Leo ninajivuna kuandika kwamba katika miaka kumi na minane hakuna karatasi hata moja ya maelezo ya ofisi hii iliyokataliwa kortini kwa sababu ya kuandikwa vibaya. Hata moja! Ofisi ndogo ya Bungoma ilipofunguliwa mwaka jana, Mzee ndiye aliyetumwa kuipanga, akawafundisha makarani wanne kusomeana. Alirudi akiwasifu, jambo ambalo sisi hatujazoea kulisikia.

Ya mwaka wa 1953 sitayaandika kwa kirefu. Watu wengi wa kabila langu, Wakikuyu, waliondolewa wilaya hii mwaka ule kwa amri ya Hali ya Hatari. Mimi niko hapa kwa sababu Mzee aliandika barua ya kunidhamini kwa jina lake, akaipeleka mwenyewe, akakaa kwenye benchi mpaka ikajibiwa.

Sehemu inayofuata hakuiona kwenye rasimu. Nimeiongeza baadaye.

Mwezi Machi mwaka huu nilipewa hati ya kumtoa mtu rumande. Niliiweka kwenye faili isiyo yake, nikaisahau. Mtu yule alikaa ndani siku tisa zaidi. Niliipata hati ile peke yangu, ofisi ikiwa tupu, wote wameenda chakula cha mchana. Nilikuwa nimependekezwa kumrithi Mzee, na jambo hilo nililijua. Tarehe ya kuipokea nilikuwa nimeiandika kwa penseli. Ningeweza kuifuta na kuandika ya siku ile.

Nilikwenda kubisha mlango wa mwendesha mashtaka. Nilisema yote, kwa lafudhi yangu ya Nyeri, hata Bwana akaniambia nirudie. Mtu yule alitolewa saa nane mchana huo huo, nikamwomba radhi langoni, naye akanipita akaenda zake, na alikuwa na haki. Mimi nilipata onyo, na kiti cha karani mkuu atakikalia Kipsang. Anastahili kabisa.

Jioni ile Mzee alikuja mezani kwangu. Nilidhani atanigombeza. Alivuta kiti akaketi, akaniuliza nimekula, nikasema sijala, tukaondoka pamoja kwenda kwake.

Mzee Wekoye, kwa niaba ya ofisi ya Kitale na ya Bungoma tunakushukuru kwa kila mstari mwekundu. Nenda Bungoma ukalime mahindi yako na mama yetu Rispah, mle mkashibe, wajukuu wakusumbue, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema. Na mimi nasema asante kwa nafsi yangu: sikupata cheo, lakini tangu Machi nalala.

Ephantus Ngari, karani