Pontien Semahoro na Mirija ya Wenzake

Ndugu waombolezaji, mimi ni Doriane, binti wa marehemu. Kabla hajaaga dunia, baba aliagiza kwamba leo, mbele ya kaburi lake, isomwe kuwa alikuwa mtu mwenye bahati. Mama alilikataa neno hilo. Hadi leo asubuhi, jeneza likiwa ndani, tulikuwa bado tunabishana. Nitasoma, na mtasikia tulipofikia.

Marehemu Pontien Semahoro alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 karibu na Gisuru, mkoa wa Ruyigi, nchini Burundi. Wazazi wake walikuwa wakulima, na yeye ndiye mtoto wao pekee aliyevuka utoto.

Alisoma shule ya msingi huko kwao hadi darasa la sita. Mwaka 1971 alifanya mtihani wa kuingia sekondari, akafeli. Rafiki zake watatu, Mélance, Tharcisse na Salvator, walifaulu, naye alilia mpaka baba yake akamtishia kiboko. Mwezi Mei 1972 mauaji yalipoanza, askari waliwapakia wale watatu kwenye lori pamoja na wanafunzi wengine, na hawakuonekana tena. Babu yetu alichukuliwa wiki hiyohiyo. Marehemu alivuka mpaka kwa miguu na mama yake hadi Kibondo, Tanzania. Kuanzia hapo alijiita mwenye bahati, na hakuwa akitania.

Huko Kibondo, tarehe 9 Agosti 1986, alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Capitoline. Walijaliwa watoto wanne, kaka yangu Ladislas akiwemo, na wakazika wawili: Apollinarie, na mvulana aliyefariki kabla ya ubatizo. Kila mwezi Mei marehemu alipika impeke, pombe yetu ya mtama, akaita majirani. Ndani ya chungu alitia mrija wake na mirija mingine mitatu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Aliwataja wenzake watatu kwa majina, akamshukuru Mungu kwa kufeli mtihani, ndipo wageni wakanywa. Mama hakukaa nao hata mwaka mmoja. Alibaki nyuma ya jiko. Niliwahi kumsikia akimuuliza, "Baba Ladislas, umezika batoto wawili, unashukuru nini?" Marehemu akamjibu, "Nashukuru niliwaona. Salvator hakuona hata mke." Mama hakuridhika na jibu hilo, nami pia sikuridhika.

Kwa kazi marehemu alikuwa mkulima. Mwaka 2008 alirudi Burundi kulima shamba la babu, na mwaka 2015 tukakimbia tena, safari hii hadi hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, tukapewa kiwanja kijiji cha Juru. Alilima maharage na mahindi, na maharage alimuuzia Bwana Hamdu, mfanyabiashara wa Mbarara, ambaye yuko nasi hapa. Siku moja baiskeli ilimwangusha mteremkoni akiwa na gunia. Alifika nyumbani mdomo umejaa damu, anacheka, kwa sababu jino limeng'oka lakini gunia halikupasuka. Tulimtania kwa pengo hilo miaka yote, na hakuliziba kwa mkono hata alipopigwa picha mnayoiona kwenye karatasi hii.

Ugonjwa ulianza mwezi Machi mwaka 2024. Ugali ulimkwama kooni, akahamia uji. Uji nao ukawa taabu. Mama alimsihi aende kliniki ya Base Camp, akamsihi tena, na kila mara alijibiwa, "Niko na bahati, maji yangali yanapita. Tuvune kwanza." Tulivuna. Mwezi Agosti alipeleka maharage Mbarara, na Bwana Hamdu alipomwona hakuyapima. Alimwambia, "Mzee, hii si mwili yako. Wacha magunia, ingia kwa motoka, tunaenda hospitali sasa." Madaktari walikuta saratani ya koo la chakula, imeshasambaa. Walisema angefika mapema wangejaribu kuiondoa. Mama alikuwa amesimama hapo, akasikia kila neno.

Mwezi Mei uliopita aliomba chungu chake. Tulimbeba hadi uani. Mrija ulikuwa mbele yake na hakuweza kumeza hata tone. Alisema "Mélance", kisha sauti ikakatika. Tulitazamana, maana wengine tulikuwa tumesikia majina yale maisha yetu yote bila kuyashika. Hapo mama akatoka nyuma ya jiko, akiwa bado na mwiko mkononi, akasema, "Tharcisse. Salvator." Kisha akaketi kando ya mumewe siku ya chungu kwa mara ya kwanza, akachovya kidole ndani ya chungu na kumlowesha midomo.

Marehemu alifariki nyumbani Juru, Jumanne tarehe 17 Juni 2025, alfajiri. Maumivu yalikuwa makali na sitayapunguza kwa maneno mazuri.

Leo asubuhi nilipomsomea mama karatasi hii, alisema, "Iyo bahati njo imemuua. Usiisome." Nikamwambia ni agizo la baba. Akasema, "Basi isome. Lakini useme na mimi nilimwambia aende kliniki, akakataa." Nimesema, mama. Wote wamesikia. Na nasema pia kama alivyoagiza: Pontien Semahoro alikuwa mtu mwenye bahati.

Marehemu ameacha mjane, Capitoline. Mwana, Ladislas, wa Oruchinga. Binti, mimi Doriane. Na wajukuu watano. Tunawashukuru majirani wa Juru na Bwana Hamdu na familia yake.

Mwezi Mei ujao chungu kitawekwa, na mirija itakuwa minne ya kutoguswa. Mama amesema majina atayataja yeye.

Apumzike kwa amani, pamoja na Mélance, Tharcisse na Salvator.