Mzee Elkana Maroa, Aliyemlisha Bhoke

Mzee Elkana Maroa, ambaye leo tunamrudisha udongoni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 karibu na Ntimaru, kifungua mimba wa boma lenye ng'ombe wengi kuliko watu, kama alivyopenda kujisifu. Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka wa 1966.

Mwaka wa 1972 aliajiriwa kwenye josho la ng'ombe, akaogesha mifugo na kunywesha ndama dawa ya minyoo hadi alipostaafu mwaka wa 2006. Alimwoa mama yetu, Rispa, mwaka wa 1975, wakajaliwa watoto sita. Jikoni hakukanyaga, alisema moshi unamchukia.

Mjukuu wake Bhoke alizaliwa mwaka wa 2017 akiwa na mtindio wa ubongo. Kumeza kulimshinda. Uji uliingia mapafuni, nimonia zikafuatana, na akiwa na miaka minne alikuwa na kilo nane tu. Agosti 2021, daktari katika hospitali moja mjini Homa Bay alishauri atobolewe tundu dogo tumboni, chakula kipitie kwenye mrija. Mimi Sammy, babake Bhoke, ninayesoma haya, nilikataa katakata. Nilisema mtoto wangu hatakatwa tumbo, na ukoo mzima ukaniunga mkono. Mzee peke yake ndiye aliyefunga safari hadi Homa Bay, akamuuliza daktari maswali kutwa nzima, kisha akamwambia Caren, mke wangu, “Wewe weka sahihi. Maneno ya nyumbani niachie mimi.”

Caren aliweka sahihi, mrija ukawekwa, nami nikawanunia wote wawili miezi miwili. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Miezi hiyo yote Mzee alinawa kwa sabuni, akamketisha Bhoke wima na kumimina uji mwepesi kwenye mrija, mara tano kwa siku. Jirani alimtania, “Mzee, sasa unanywesha mtoto kama ndama?” Akajibu, “Ndama anapiga teke. Huyu ananicheka tu.” Bhoke sasa ana kilo kumi na tisa.

Februari 2025 marehemu alipata kiharusi, akalazwa Migori. Siku moja aliagiza kikombe cha maji na mrija wa akiba, akanifundisha kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. “Usisukume. Wacha yashuke yenyewe.” Alifariki tarehe 9 Mei 2025, akiwa na miaka 74.

Ameacha mjane, Rispa, watoto sita na wajukuu kumi na wanne, akiwemo Bhoke, aliyeketi hapa mbele. Baba, lala salama. Ndugu zangu, naomba dakika ishirini kabla ya jeneza kushushwa. Saa saba imefika, na ni mimi ninayemlisha Bhoke.