Wimbo wa Maganda Unaishaje?

Pale Ihanda, mahali ambapo bodaboda hupunguza mwendo kwa ajili ya shimo wala si kwa ajili ya watu, kuna ghala la kahawa la mzee Rwegoshora, na mbele ya ghala kuna benchi la mkaratusi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo ndipo dunia inapoendeshwa kila alasiri. Prudensia, anayeitwa Mama Kikombe, huleta birika na jiko la mkaa. Cleophace, mchuuzi wa vitenge aliyehamia kutoka Muleba, anaitwa Redio, kwa sababu anasema tu wala huwezi kumjibu. Placidius wa bodaboda anaitwa Breki kwa sababu hana: waya wa breki yake ya mbele aliutoa mwenyewe, kwa moyo mweupe, ukawa uzi wa gitaa la besi. Mwenye ghala wanamwita Mzee Naja. Enzi za mkewe Anatolia, kila mchana sauti ilikuwa inavuka migomba: “Rwegoo! Ndizi zinapoa!” Naye alikuwa anajibu, “Naja!” kisha anaendelea kukaa. Anatolia amefariki huu mwaka wa nne. Hakuna anayemwita tena, ila jina limebaki pale benchini.

Jumamosi hiyo mlango wa ghala ulikuwa umerudishiwa, na ndani Maganda walikuwa wanapasha vyombo. Maganda ni bendi ya vijana watatu. Joviana, binti wa Mzee Naja, anaimba na kupiga gitaa. Elick anapiga besi yenye uzi wa breki. Mwesiga anapiga ngoma, nyingine za dukani, nyingine za madumu, na ukisikiliza huwezi kujua zipi ni zipi. Jina walilipata kwenye marundo ya maganda ya kahawa waliyokuwa wakiyakalia walipoanza. Mwanzoni Ihanda nzima ililalamika kwamba mashine ya kukoboa imeharibika. Leo hii watu wanahamisha mbuzi wao kuja kuwafunga karibu na ghala, wapate sababu ya kusimama.

– Mnajua huu muziki unaitwaje? aliuliza Breki. Vijana wa Kayanga wameniambia. Indi roki.

– Indi ni India, alisema Redio. Hilo liko wazi.

– Redio, Mwesiga ni Mhindi?

– Damu haisemi uongo. Umeshamwona anavyotikisa kichwa akipiga?

– Si hivyo, alisema Mama Kikombe huku akimimina. Mimi nilimuuliza Elick. Indi maana yake hawana bosi. Hakuna tajiri anayewaambia imbeni hiki, acheni kile.

– Basi hata wewe ni indi. Unauza kahawa huna bosi.

– Mimi ni indi tangu nimezaliwa. Muulize marehemu mume wangu.

Wakacheka wote, na Mzee Naja akacheka nao, lakini nusunusu. Sikio lake moja lilikuwa ukutani.

Kilichomkaa kooni kilikuwa wimbo mmoja. Ndio huohuo Breki aliourekodi kwa simu akiwa hapo benchini, ukasambaa Nyakasimbi, ukavuka hadi Kyerwa. Ni wimbo wa mama. Ubeti wa kwanza mama yuko shambani anapalilia kahawa. Wa pili mama yuko sokoni anabishana bei, na hapo Joviana anaigiza sauti mpaka unaweza kuapa Anatolia yuko nyuma ya mlango. Wa tatu unaanza hivi: “Siku ile wodini, mama akaniambia...” Basi. Hapo ndipo mzee anapoinuka, anasema anakwenda kumwangalia mbuzi, anazunguka kona ya ghala na kushusha swichi kuu ya umeme.

Maana siku ile wodini yeye hakuwepo. Alikuwa njiani na hotipoti la ndizi. Aliyekuwa kando ya kitanda cha mama ni Joviana peke yake, na alichoambiwa hajakisema, na baba hajathubutu kuuliza. Mtu uliyemwambia “naja” maisha yenu yote na usije, ataacha neno gani nyuma? Mzee aliogopa. Tena aliogopa zaidi kwa sababu kesho yake, Jumapili, Maganda walikuwa wamealikwa Mabira kwenye sherehe ya mavuno, mara yao ya kwanza kupiga mbele za watu. Huko swichi si yake.

– Ila waitu, jamani, mimi nawavulia kofia kwa kile kipande cha mwisho, alisema Redio. Wimbo unapanda, unapanda, halafu kap! Kimya. Hiyo ni akili kubwa.

– Labda umeme unakatika, alisema Mama Kikombe.

– Umeme gani unaojua beti? Kila mara palepale! Hapana. Wameukusudia. Wahenga walisema, kata pua uunge wajihi.

– Hiyo inahusu nini?

– Wamekata pua ya wimbo. Sasa wewe huna raha mpaka uunge mwenyewe. Usiku kucha unaunga.

Mzee Naja alinywa kahawa yake ingali ya moto mno, akaungua ulimi.

– Kweli kabisa! alidakia Breki. Juzi nilipeleka mzigo Mabira, nikawasha simu. Ng’ombe wa mzee mmoja wakaacha majani, wakasimama wanasikiliza. Ulipokatika, wakalia wote kwa pamoja. Walikuwa wanadai ubeti!

– Breki, hapa tunakunywa kahawa, usituletee chai.

– Haki ya Mungu! Na jioni maziwa yaliongezeka.

– Hilo ni dogo, alisema Redio, ambaye hapendi kuzidiwa. Kuna kwaya moja kule Nyakasimbi imeiga. Jumapili iliyopita wamefika kwenye amina, wakaimba “Ami...” wakaketi. Mchungaji ameinua mikono, anangoja. Waumini wanangoja. Mzee mmoja wa kanisa alisema hajawahi kumsubiri Mungu kwa hamu namna ile.

– Wee!

– Na kuna Mganda amevuka mpaka anataka kununua kile kimya. Si wimbo. Kimya tu. Lakini vijana hawauzi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

– Ngamani ndiyo wapi?

– Karibu na Mutukula.

Breki akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kupeleka abiria huko. Mama Kikombe aliwatazama wote wawili, akasema:

– Mimi sijui pua wala Mutukula. Najua tu kwamba huyu mtoto alipofiwa, mwaka mzima hakusema neno hapa kwangu zaidi ya shikamoo. Sasa anaimba na mimi naacha maji yakauke jikoni. Kama angekuwa wangu, ningetembea kichwa juu mpaka nigonge bati.

Mzee Naja alitaka kusema kitu. Alitaka kusema kwamba yeye pia, usiku akiwa peke yake, huimba ule ubeti wa sokoni kwa sauti ya chini, na hujisikia fahari. Alisema:

– Wanapiga vizuri, kiasi.

– Kiasi! alifoka Redio. Mzee Naja, wewe una mboga ndani unalalia chumvi!

Wakati wanabishana kama huo ni msemo au ni tusi, bodaboda nyingine ikasimama, akashuka mama wa makamo mwenye kitenge kilichojaa vumbi la safari.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba. Karibu kahawa, mgeni.

– Asanteni. Naitwa Dafroza, natoka Mabira, kamati ya sherehe. Nawatafuta Maganda, maana kesho ndiyo siku.

– Umefika, alisema Redio kwa sauti ya mwenye bendi. Uliza chochote. Sisi hapa ndio tuliowalea.

Kabla Dafroza hajajibu, ghalani Mwesiga alihesabu kwa vijiti, na wimbo wenyewe ukaanza. Birika likasahauliwa. Mama akapalilia kahawa. Mama akaenda sokoni. Besi ya Elick ilipita chini ya benchi mpaka tofali likatetemeka, na Breki akaweka mkono kifuani kwa ajili ya waya wake. Dafroza alikuwa amesimama palepale, kikombe kikiwa hewani. Alikuwa ameujua wimbo kwenye simu tu. Hakujua kwamba una uzito.

Mzee Naja akainuka.

– Naenda kumwangalia mbuzi.

– Si huyu hapa? alisema Dafroza.

Kweli, mbuzi alikuwa hapo, anatafuna ncha ya kitenge cha Redio. Mzee akaendelea kwenda. Nyuma yake alimsikia yule mama akiuliza, kwa upole wa mtu aliyetumwa:

– Jamani, mshereheshaji wetu ana swali moja. Ule wa kwenye simu haufiki mwisho. Wimbo wenyewe unaishaje? Ili ajue wakati wa kupiga makofi.

Redio akamtazama Breki. Breki akamtazama Mama Kikombe, Mama Kikombe akatazama birika. Watu waliojua ng’ombe wa Mabira na mipango ya Mganda hawakujua kitu kidogo kama hicho.

Mzee Naja alikuwa ameshafika kwenye kona, mkono uko juu ya swichi. Aliwaza: kesho Mabira nzima itasikia neno la mwisho la Anatolia, mshereheshaji atalisikia, na mbuzi wa watu watalisikia, na mimi mumewe nitakuwa nimelala nyumbani nimejifunika blanketi. Aibu ilimshika kuliko woga. Kama ni lawama, bora anipe hapa, kwenye ukuta wangu. Akaushusha mkono, akaegemea matofali, akafumba macho.

“Siku ile wodini, mama akaniambia,” Joviana aliimba, na sauti yake ikatikisika kidogo, kwa sababu naye hakuwa amezoea kupita hapo.

“Jovi, toka nje kidogo,
ukamwite baba yako.
Ameshaitika, namjua,
lakini wewe mwite tena.”

Magitaa yakaacha. Ngoma zikaacha. Na kutoka ndani ya ghala, kwa sauti ileile iliyokuwa inavuka migomba, ndefu, yenye kicheko na ukali mahali pamoja, Joviana akaita bila ala yoyote:

“Rwegoo! Ndizi zinapoa!”

– Naja! alijibu mzee.

Hakuwa amepanga. Lilimtoka tu, kwa nguvu, huku machozi yakimshuka hadi kidevuni, na benchi zima likalisikia. Hakukuwa na lawama. Miaka yote ile Anatolia alikuwa akimjua, na bado alikuwa akimwita tena.

Mlango wa ghala ukafunguliwa. Joviana akatoka na gitaa begani, Elick na Mwesiga nyuma yake. Akamtazama baba yake pale kwenye kona, akatazama na swichi.

– Baba, leo umeme haujakatika.

– Haujakatika, mwanangu.

– Nilidhani hutaki kuusikia.

– Niliogopa, alisema mzee. Nisamehe. Ni mzuri. Ni mzuri sana, Jovi, mama yako angekucheka halafu angekutangaza soko zima.

Joviana akaangua kicheko kilichochanganyika na kilio, akaenda akamshika baba mkono. Pale benchini Redio alikuwa anatafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Ihanda, hakuipata. Mama Kikombe aliinua birika, likatoka tone moja. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyegundua.

Dafroza alikohoa kidogo, akafuta macho kwa ncha ya kitenge chake.

– Samahanini, jamani. Sasa mshereheshaji nimwambieje? Makofi ni wakati gani?

Wote wakamgeukia Mzee Naja. Alipangusa uso kwa kiganja, akanyoosha shati lake.

– Mwambie makofi ayasubirishe. Pale mwisho kuna mtu anaitwa. Mniwekee kiti cha mbele, nitaitika mwenyewe.